Oili ya Mashine ya Mkonge

Mlio ulianza nilipokuwa nimeuacha mlima wa Salaita nyuma yangu, narudi Voi. Ko, ko, ko, chini ya boneti, kama mtu anayebisha mlango bila haraka na bila nia ya kuondoka. Nikikanyaga mafuta unafifia. Nikiachia unarudi. Nilizima injini, nikashuka, nikasimama kwenye vumbi jekundu nikilitazama lile gari dogo la spoti, la kijani, viti viwili na paa la turubai.

Halikuwa gari langu, na hakuna aliyeniruhusu kulitoa Voi.

Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiislamu, mstaafu wa reli, ambaye babu zake walikuja kutoka pwani. Gari alilipata kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyerudi kwao Ulaya. Alikuwa akiliweka uani chini ya banda la mabati na kulitoa siku za Idi na Jumapili chache, kwenda stesheni na kurudi. Mimi nilikuwa kijana wa kutangatanga. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nilikuwa nimechimba vito, nimefanya kazi kiwanda cha mkonge, nimebeba magunia Taveta. Kila mahali nilikaa mpaka nijue kitu kinavyofanya kazi, kisha nikaondoka. Kwa mzee nilikwenda kuchimba shimo la choo. Nilimuuliza maswali mengi sana kuhusu gari lake, na choo kilipokwisha akanipa chumba cha uani. Siku moja akanionyesha msumari ulio karibu na mlango wa jikoni.

"Ufunguo huo hapo," alisema. "Kila Jumatano liwashe robo saa, lisije likalala. Kuliwasha tu. Umenielewa?"

Nilielewa. Hakuna mtu aliyewahi kuniachia ufunguo wa kitu chochote, hata wa kufuli la baiskeli.

Wiki ile dada yake alifariki Mombasa. Yeye na mkewe walikwenda matangani, nikaachwa na nyumba, kuku na ule msumari. Jumatano nililiwasha gari. Alhamisi nikaliendesha hadi Njukini, upande wa Taveta, kwa mama, ambaye sikuwa nimemwona miaka minne. Nilitaka anione nikifungua mlango na kushuka. Alitoka shambani na mikono ya udongo, akalizunguka gari mara moja.

"La nani?"

"La rafiki yangu."

"Anajua?"

Nilikula ndizi zake bila kuziona ladha, nikageuza gari.

Sasa nilikuwa peke yangu barabarani na ule mlio. Nilianza na sababu nyepesi. Pengine jiwe limeingia kwenye kifuniko cha gurudumu. Nilivifungua vyote vinne, hakuna. Pengine bomba la moshi limelegea. Nililitikisa mpaka likaniunguza vidole, limekaza. Nikaliacha gari literemke kwenye mteremko injini ikiwa imezimwa, nikatega sikio. Kimya, upepo tu. Basi si magurudumu, ni injini yenyewe. Nikalala chini na kuchungulia. Lile bakuli la chuma linaloshika oili, ambalo mafundi huliita sampu, lilikuwa limebonyea ndani. Nikakumbuka jiwe lililogonga chini ya gari asubuhi, kabla ya Maktau. Wakati ule nilikuwa naimba, na nikaendelea kuimba.

Nilirudi mwendo wa punda. Hata baiskeli moja ilinipita Mwatate, mwenyewe akanipungia mkono.

Ijumaa asubuhi nililipeleka kwa fundi mmoja, mtu wa Sagalla, aliyefanya kazi nyuma ya kituo cha petroli.

"Hili si la yule mzee wa nyundo?" aliuliza kabla sijazima.

"Ni lake."

"Na wewe?"

"Amenituma."

"Amekutuma." Alicheka kwa pua. "Haya, uliyetumwa, usizime. Shuka."

Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye ubavu wa injini na mpini sikioni. Alisogea sehemu moja hadi nyingine kama daktari, kisha akanipa na mimi nisikilize. Hata katika hofu ile nilistaajabu. Injini yote ilikuwa ndani ya mpini wa mbao: mnyororo, pampu, vitu vinavyopanda na kushuka, na chini yake, karibu kabisa na ubongo wangu, ko, ko, ko.

Halafu akashika kitambaa na kuanza kuchomoa waya za plagi, moja moja. Alipochomoa ya kwanza injini ilichechemea, lakini mlio ulibaki. Ya pili, vilevile. Alipochomoa ya tatu, mlio ulikufa. Akairudisha, ukafufuka.

"Hapo ndipo mgonjwa alipolala," alisema. "Mkono wa pistoni ya tatu. Beringi yake imelika, oili haifiki. Uligonga jiwe?"

"Kidogo."

"Kidogo cha nani? Sampu imekuwa kama sufuria ya chang'aa."

"Likiendeshwa hivi?"

"Hapa mjini, siku mbili tatu. Kwenye barabara ya Mombasa mkono utakatika na kutoboa injini. Omba tu usiwe katikati ya malori mawili. Beringi zake nazo zitatoka Nairobi, au mbinguni."

"Mzee anarudi kesho."

"Basi kesho mwambie."

"Hakuna kitu cha kutia, mlio upungue tu?"

"Wewe si wa huko Taveta? Tia maganda ya ndizi." Akacheka, akarudi kwenye lori lake.

Lakini mimi nilikijua kitu cha kutia. Kule kiwanda cha mkonge, beringi ya mashine ya kukwangua majani ilipoanza kulia karibu na mwisho wa zamu, hakuna aliyesimamisha kazi, maana anayesimamisha ndiye anayeulizwa. Tulimimina oili nzito, nyeusi, inayoshuka kama uji wa mtama, mashine ikanyamaza, tukaenda nyumbani. Zamu iliyofuata ilirithi ugonjwa bila kujua. Nayo jioni ikafanya hivyohivyo. Nilikuwa nimeona mashine moja ikirithishwa hivyo kwa wiki nzima, mpaka ikapasuka mbele ya watu ambao hawakuwa na kosa lolote.

Niliyajua hayo yote, na bado nilikwenda kwa rafiki yangu wa kiwandani nikarudi na galoni. Nilimwaga oili ya mzee uani nyuma ya choo, ikiwa na chembe zinazometa kama vumbi la shaba, nikatia ile nzito. Nilipowasha, injini ilijizungusha kwa taabu, kama mtu aliyeamshwa na homa. Kisha ikashika. Nikasikiliza. Hakuna ko. Niliweka paji la uso kwenye usukani na kushukuru kama mjinga.

Mzee alirudi Jumamosi mchana, kwa basi, amechoka na joto.

"Shikamoo, mzee. Poleni na msiba."

"Marahaba. Tumeshapoa. Kuku wangapi wamekufa?"

"Hakuna."

"Basi wewe ni mfanyakazi." Alikunywa maji, akafuta ndevu. "Mama yako nimemwacha huko Mombasa. Miguu imemvimba, basi haliwezi tena. Kesho baada ya sala ya alfajiri namfuata kwa gari. Hebu liwashe nilisikie."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika hesabu zangu zote gari lilikuwa linakwenda stesheni na kurudi.

Lazima nieleze kwa nini walimwita jina lile, mzee wa nyundo. Kazi yake yote ya reli ilikuwa kutembea kando ya treni iliyosimama Voi, na nyundo ya mpini mrefu, akigonga kila gurudumu na kusikiliza kama lina ufa. Alikuwa akisikia vitu ambavyo wengine tunaviona tu vikishavunjika.

Nikawasha. Alisimama kando ya boneti, macho amefumba, kichwa ameinamisha.

"Zima," alisema. Nikazima. "Washa." Nikawasha. "Zima."

Akakaa kwenye kizingiti cha jikoni.

"Unajua gurudumu lenye ufa linaliaje?"

"Linapiga kelele?"

"Halilii. Lililo zuri hulia kama kengele. Lenye ufa hufanya dup, basi. Miaka yote ile sikuwa nikitafuta kelele, kijana. Nilikuwa nikitafuta kimya." Alilitazama gari. "Hilo lina vyuma vinavyolia kama cherehani tangu nilipolipata. Leo sikuisikia cherehani. Imekwenda wapi?"

"Nilibadilisha oili tu, mzee."

Alinitazama muda mrefu kuliko jibu lile lilivyostahili. "Ahsante," akasema. "Tundika ufunguo."

Niliutundika. Nikaenda chumbani, nikafunga mashati yangu mawili na blanketi kwenye mfuko. Malori ya Taveta yalikuwa yakiondoka saa kumi. Nilijiambia atagundua mwenyewe kabla ya kuiacha Voi. Nilijiambia kwamba amekwisha kugundua. Kisha nikaona gari katikati ya malori mawili, naye ndani. Nilitoka kimyakimya, nikautoa ufunguo msumarini na kwenda nao hadi chooni, shimo nililolichimba mwenyewe, futi ishirini. Bila ufunguo hakuna safari. Ningeudondosha, nipande lori, na hakuna ambaye angelazimika kusema lolote.

Kupitia nafasi ya mlango nilimwona mzee. Alikuwa ameinama ndani ya gari, anafunga mto kwa kamba mbele ya kiti cha abiria, chini, mahali ambapo mkewe angeegemeza miguu. Aliukandamiza kwa kiganja, akaona bado ni mgumu, akaufungua, akauongezea kanga iliyokunjwa.

Nilitoka.

"Mzee, gari lisiende."

Hakugeuka. Nikasema yote: Njukini, jiwe, bisibisi, mashine ya mkonge. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto. Nilipomaliza alianza kuifungua kamba, fundo moja baada ya jingine.

"Pistoni ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Uliisikia mwenyewe, au umeambiwa?"

"Niliisikia."

"Uliisikia." Akautoa mto, akaukung'uta vumbi. "Na ukamimina."

Nilitaka apige kelele, anipige, anifukuze, ili niende. Alinyoosha mkono. Nilimpa ufunguo, umelowa jasho. Alikwenda hadi mlango wa jikoni akautundika mahali pake.

"Jumatatu tunaifungua injini," alisema. "Chini utalala wewe. Mgongo wangu umezeeka."

Lori la saa kumi lilipita, nikalisikia likibadilisha gia kwenye kona. Mfuko wangu ulibaki nyuma ya mlango, umefungwa hivyohivyo, kwa majuma mengi ya kungoja beringi.

Mama, mke wa mzee, alifika Jumatatu jioni, kwa basi. Nilikuwa nimetambaa kutoka chini ya gari, mweusi hadi viwikoni, nikanawa nikamletea barazani beseni la maji ya moto na chumvi. Vifundo vya miguu havikuonekana tena.

"Kwani hamkuja kunichukua?" aliuliza, akitia mguu mmoja majini na kuuma meno.

"Gari linaumwa," mzee alisema.

"Maskini. Limepatwa na nini?"

Mzee aliangalia beseni. "Maji yamepoa," aliniambia. "Mwongezee mama yako."