Vumbi la kijani la ukuta wangu

Ndugu zangu, nawasihi, habari hii isimfikie mwenye nyumba wangu.

Umeme uliporudi leo, nilitoboa ukuta wa zege nitundike pazia.
Chini ya rangi nyeupe kulikuwa na rangi ya zamani, basi vumbi likatoka la kijani.

Jirani yangu Mama Furaha, mke wa mchimbaji, akachungulia dirishani.

"Karani, ile ni malakiti, shaba yenyewe. Weye iko unachimba mu nyumba?"

"Ni rangi, mama."

"Hata bwana yangu anasemaka vile akipata."

Sasa bwana yake yuko mlangoni na wenzake, na sururu. Wanataka kuchimbua sakafu, tugawane.
Wakianza, mimi nafukuzwa.

Atakayekuja kunisaidia asipige simu, nimejifanya sipo, watasikia mlio. Apite nyuma, agonge dirisha la jikoni polepole.

Nikimwona na sururu, simfungulii.