Nilimfukuza Baba Mkubwa kwa Kisingizio cha Gesi

Kosa ni langu, jamani, wala simsingizii shetani. Shetani mwenyewe siku ile nadhani alikuwa amelala. Mimi nilikuwa macho, kanga kiunoni, nasema uongo.

Tulikuwa tunakaa Mikumi, karibu na barabara kuu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka yamejaa vitu, na mimi na mume wangu ndiyo kwanza tumemaliza nyumba ya saruji. Nikanunua makochi, nikanunua na zulia la mtumba. Maringo hayo! Hata kuku akikanyaga kibarazani nilikuwa namfokea.

Binti yetu mkubwa akapata mchumba, kijana wa Kilosa mjini. Wazee wake wakatuma ujumbe kwamba wanakuja kuposa. Nikashukuru Mungu. Tatizo likawa moja tu: baba mkubwa wa mume wangu.

Mzee huyu alitoka Berega kuja kutusalimia kwa wiki moja. Masika ikaingia, ikaisha, yeye bado yupo. Koti lake limechanika kwapani, ananusa ugoro na kupiga chafya mpaka masufuria yanatikisika, na akikoroma jirani anageuka kitandani. Mcheshi ajabu, watoto walimpenda. Lakini mimi nikimwazia amekaa kwenye kochi langu mbele ya wakwe, na lile koti, mwili unanisisimka!

Sasa, siku hizo alipita mtaalamu mmoja kutoka Dar, anapima gesi majumbani. Alituelezea vizuri: inaitwa radoni, inatoka ardhini kwenye mawe, haina harufu wala rangi. Ikipenya kwenye nyufa za sakafu ikajikusanya kwenye chumba kisichopitisha hewa, inaweza kuharibu mapafu, ila ni kwa kuivuta miaka na miaka. Akatundika kikopo cheusi cha plastiki kwenye chumba alicholala mzee, akasema kisiguswe. Baadaye akaja kukichukua.

Alipoleta majibu alinikuta peke yangu. "Mama, nyumba yako haina tabu," akaniambia. "Fungueni tu madirisha hewa ipite."

Mwenzenu nikayameza yale majibu! Mume wangu akiwa kazini, nikaenda kupiga magoti mbele ya mzee, sauti tamu kama asali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo magoti mpaka chini, kuna nini?"

"Baba, yule mpimaji amerudi. Anasema chumba chako kina gesi mbaya. Kwa umri wako, usilale humo tena."

Akanitazama. "Na nyinyi je? Na watoto?"

"Sisi upande wetu ni salama, baba."

Uongo gani huo! Gesi inayoheshimu ukuta! Lakini aliamini, maana hakutegemea nimdanganye. "Asante kwa kunionea huruma, mwanangu," akasema, akakusanya vitu vyake. Kesho yake akapanda basi. Mume wangu nikamwambia mzee amekumbuka kwao. Nikafagia chumba huku naimba.

Kumbe mzee hana kifua! Kila aliyekaa naye kwenye basi, mzee alimwonya kuhusu nyumba yetu, tena kwa nia njema kabisa. Habari ikafika Kilangali kwamba kuku wangu wamekufa wote. Ilipoingia Kilosa, tulikuwa tunakohoa damu familia nzima.

Siku ya posa pilau limeiva, makochi yanang'aa. Wageni wakashuka, wakasimama uani. Karibuni ndani! Hakuna anayesogea. Mshenga wao akajikuna shingo.

"Mama, tunashukuru, ila hapa hapa nje panatosha. Tumesikia habari ya gesi. Na kusema kweli wazee wanajiuliza kama mapafu ya binti ni mazima. Wanaona tungesubiri kwanza."

 Binti yangu alikuwa dirishani, amesikia kila kitu, nikamwona anajifuta macho. Mume wangu akanigeukia. "Gesi gani tena?"

Kabla sijafungua mdomo, nikasikia chafya. Mume wangu alikuwa amemwita baba mkubwa bila kuniambia, maana posa ingepokewaje na mkubwa wa ukoo hayupo? Mzee alikuwa amesimama nyuma ya wageni, na koti lile lile. Akaniangalia usoni, na nadhani akaelewa hapo hapo.

"Wakwe zangu," akasema, "uongo ni wangu. Nilichoka kukaa Mikumi, nikatunga habari ya gesi nipate sababu ya kuondoka. Mjukuu wangu ni mzima. Kama hamuamini, nalala humo sasa hivi."

Akaingia, akafunga mlango na madirisha. Mara mkoromo ukaanza! Yule mtaalamu angetucheka, maana usingizi wa mchana haupimi gesi, lakini wageni walianza kutazamana na kutabasamu.

Mimi nikashindwa kuvumilia. "Anawadanganya," nikasema, machozi yananitoka. "Mpimaji alisema nyumba ni salama. Nilimfukuza mimi, kwa sababu ya koti lake."

 Mama wa yule kijana akaangua kicheko.

"Dada, dawa kama hiyo mbona hukuileta Kilosa mapema? Mimi nina shemeji nyumbani, mwaka wa pili huu!"

Wakaingia wote, wakala, binti akaposwa. Mzee aliamka akauliza kama pilau limebaki. Mume wangu alininunia wiki nzima, na pale mtaani mpaka leo mgeni akikaa sana watu wanaulizana nani ana gesi. Nimezoea kuchekwa.

Wenzangu, ukimchoka mgeni mwambie, au mnong'oneze mumeo. Usimtungie uongo wa kitaalamu, utakurudia ukiwa umevaa vizuri. Mimi nilimwonea haya yule mzee kwa sababu ya koti. Yeye alisimama mbele ya wakwe akajiita mwongo ili binti yangu asilie, na mwongo nilikuwa mimi.