Futikamba na Muwa wa Kitalu cha Arobaini na Moja

Wifi yangu ni mtu wa maneno machache na kichwa kigumu. Mimi nina maneno mengi, na subira yangu ni ya njiti ya kiberiti. Kaka yangu alipomuoa nilidhani tutagombana mpaka mmoja wetu ahame. Badala yake tuna miaka kumi na tano bega kwa bega katika kituo cha utafiti wa miwa: yeye anapima, mimi naandika. Wenzetu wanamwita Futikamba, kwa sababu futikamba yake haimtoki shingoni hata akienda kusukwa nywele.

Kazi yetu ukiielezea inachosha, ukiifanya ni tamu. Kila kitalu kina miwa ya uzao wake, mipya kabisa, ambayo hakuna mkulima aliyewahi kuipanda. Tunapima urefu, tunahesabu pingili, tunabana unene kwa kalipa, kipimo chenye taya mbili, na kutoka hapo Daktari, mtafiti wetu mkuu, anakisia muwa mmoja una uzito gani. Vitalu ni mia mbili, hatuwezi kuikata miwa yote tuitundike kwenye mizani. Kitalu kikiwa chini ya kiwango kinapata msalaba mwekundu, trekta inakifyeka, na uzao ule haupo tena duniani.

Katika hesabu hiyo unene ndio mfalme. Daktari hutukumbusha kila msimu kwamba unene ukipungua kidogo, uzito unaanguka sana, na ni kweli, sibishi. Ndiyo maana mwaka ule sote tulikuwa tumeshakichumbia kitalu cha tisa, tukakipa jina la Bwana Harusi. Miwa yake ilikuwa minene kama mkono wangu, na mkono wangu si haba. Ile ya arobaini na moja ilikuwa mirefu na myembamba, tukaiita Sindano. Msalaba wake niliuchora mwenyewe, bila huruma.

Jumatano tulikata miwa miwili kila kitalu ikakamuliwe bandani, tuone utamu wake. Futikamba alikuwa ameweka wa Bwana Harusi bega la kulia na wa Sindano bega la kushoto, mara akasimama katikati ya njia. Ule mnene ulikuwa unazamia upande wa shina, kila hatua anausogeza. Ule mwembamba aliuweka katikati ukatulia tuli. Akaniomba niinue wote wawili. Nikamwambia mimi ni karani, si punda, lakini nikainua, na kweli Sindano ilinishtua kwa uzito wake.

Wifi akakata vipande vya juu, vya kati na vya chini, akavipanga ardhini. Bwana Harusi alikuwa mnene pale chini tu, huko juu alikuwa mkia wa panya. Sindano ilikuwa na unene uleule kutoka shina hadi kilele. Na sisi siku zote tunabana kalipa pingili ya tatu kutoka ardhini, kwa sababu huko majani yameshadondoka na mkono unafika bila taabu.

"Wifi," akasema polepole, "sisi tunapima miguu, halafu tunakisia mtu mzima."

Damu ilinichemka. Trekta ilikuwa inakuja Ijumaa na orodha ilikuwa imeshatiwa saini. Nikamshika mkono, tukaingia ofisini kwa Daktari, mezani lebo zimejaa na chai imepoa. Alitusikiliza kwa adabu. Kisha akasema vipimo ni vilevile kwa vitalu vyote, na kwamba leo tukisikiliza mabega, kesho tutasikiliza pua. Nilikuwa nafungua mdomo nimpe la kwake, wifi akanitangulia.

"Kateni miwa kumi huku, kumi kule. Mizani ikinikana, nirudisheni kwenye jembe."

Mdomo uliponza kichwa, nikasema moyoni. Kabla ya kupewa kalipa alipalilia miaka minne, na mgongo wake haujasahau hata siku moja. Daktari akachukua kofia yake, akasema tukutane bandani kesho asubuhi.

Alhamisi asubuhi kituo kizima kilikuwa bandani, wapaliliaji wote na majembe yao. Tulikata kila muwa wa tano kwenye mstari, asije mtu akasema tumechagua. Tukatoa majani, tukaondoa vilele, tukafunga matita mawili. Bwana Harusi akatangulia kupanda mizani: kilo kumi na nne na robo. Watu wakapiga miluzi. Wifi alikuwa ameuma mdomo wa chini, nami nikaiandika namba ile.

Likapandishwa tita la Sindano. Mshale ukapita kumi na tatu, ukapita kumi na nne, ukasitasita, ukatulia kwenye kumi na sita kasoro kidogo. Daktari akaamuru lishushwe lipimwe upya. Kumi na sita kasoro kidogo. Nilipiga kelele ambayo sijaipiga tangu nizaliwe, nikarusha daftari juu, kurasa zikatawanyika. Daktari alicheka mwenyewe, akaufuta msalaba wa arobaini na moja, akaandika kwamba kuanzia sasa unene utapimwa chini, kati na juu.

Nilipomtafuta shujaa wangu nilimkuta nyuma ya banda, ameketi juu ya majani makavu, kalipa mapajani. Nikamwambia ameshinda, ainuke acheze.

"Miaka kumi na tano nabana chini," akasema. "Miwa mingapi kama Sindano tumeifyeka?"

Daktari alikuwa amenifuata, na alisikia. Akaangalia viatu vyake.

"Hiyo siwezi kuirudisha," akasema hatimaye. "Lakini vitalu sitini na viwili vyenye msalaba bado vimesimama. Trekta haiji kesho."

Wifi aliinuka kabla hajamaliza. Mimi ilibidi kwanza niokote kurasa zangu, huku nacheka na machozi yananitoka. Nilipomfikia alikuwa ameshauinamisha muwa wa kwanza, amebana kilele chake, na ananisomea namba kabla sijafungua kalamu.