Vidole vya Mama Mkwe

Nimefunga vidonda vya watu kwa zaidi ya miaka arobaini, na hasira zangu nyingi nimezisahau. Hii moja sijaisahau, wala sina nia ya kuisahau.

Ilikuwa Morogoro, zamani za Wadachi, miaka ile reli ilipokuwa ikijengwa kutoka pwani. Hospitali yetu ilikuwa na vyumba vitatu na baraza. Mkuu wake alikuwa daktari wa Kidachi tuliyemwita bwana mganga, mtu mkali lakini anayefundisha; mimi alinifundisha mwenyewe kuosha kidonda, kufunga bendeji na kupima dawa. Chini yake alikuwapo msaidizi wake, Mdachi pia, aliyetoka jeshini. Huyu hakuwapenda wagonjwa, alipenda ubao. Aliutundika barazani, akaandika upande mmoja kazi za siku, na upande wa pili sisi wafanyakazi, tena si kwa majina bali kwa namba. Mimi nilikuwa namba mbili. Kazi ikifanyika anatia alama ya chaki. Alama zikijaa, roho yake inatulia, hata kama chumbani mtu anakata roho.

Siku moja akaletwa kwa machela mama mmoja kutoka milimani, juu ya Mlali. Alikuwa ameteleza katika shamba lake la maharage, katika yale mashamba ya Uluguru ambayo jembe likikuponyoka unalifuata bondeni. Mguu ulikuwa umevunjika chini ya goti. Bwana mganga akaunyoosha, akaufunga kwa bendeji za plasta, zile zinazokauka zikawa ngumu kama chungu, akaacha vidole tu vikichungulia. Kisha akaniita.

Aliniambia kwamba mguu uliovunjika huvimba, na plasta haivimbi nao. Kwa hiyo niende asubuhi, adhuhuri na jioni, nibonyeze kucha za vidole, niachie, nitazame kama wekundu unarudi. Nivishike kujua kama vina joto. Nimuulize mgonjwa kama anausikia mkono wangu. Vikiwa baridi au vimebadilika rangi, nichukue mkasi niipasue plasta palepale, bila kungoja ruhusa ya mtu yeyote.

Yule mama naye alikuwa na swali moja tu. Je, ataweza kupanda kwao? Kwao maji yako bondeni na shamba liko juu. Asiye na mguu hana kwao. Nikamwambia atapanda, na nilikuwa na hakika.

Kesho yake bwana mganga akaitwa kwenye kambi ya wajenzi wa reli, ambako watu walikuwa wanaugua kwa wingi. Hakuwa amefika mbali, msaidizi wake akaniamuru niende vijiji vya mbali kuchanja watu ndui, nikae hukohuko siku nne. Nikamuuliza nani atatazama vidole. Akautazama ubao wake, akaona namba tano hana kazi nyingi.

Namba tano alikuwa mfagiaji wetu, mtu mzima, mwenye bidii. Tena alikuwa mume wa binti wa yule mama.

Waluguru wanajua maana yake, na asiye Mluguru nitamweleza. Mwanamume humlimia mama mkwe wake na kumjengea nyumba, lakini hamkaribii. Akikutana naye njiani hujitupa majanini ampishe. Hali naye sahani moja. Sembuse kumfunua blanketi na kumshika mguu! Nilimweleza msaidizi haya yote, kwa adabu zangu zote.

"Ana mikono, ana macho," akasema. "Mila zibaki nje ya mlango."

Akaandika tano. Mfagiaji akaitwa, akaambiwa atazame vidole mara tatu kwa siku, akajibu ndiyo bwana. Hakuonyeshwa namna ya kubonyeza ukucha, hakuambiwa habari ya mkasi. Na angejibu nini kingine? Mbele ya mtu mwenye kiboko, ndiyo bwana ndilo jibu la kila swali. Wazee husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Mdachi yule aliutupa mguu wa mtu mzima kama anatupa usufi.

Nikachukua sanduku langu la dawa nikaondoka. Uani, penye mafiga, binti wa yule mama alikuwa akimkorogea mama yake uji. Tukaamkiana, nikamwambia ninasafiri kidogo, akanitakia safari njema.

Niliporudi siku ya tano, harufu ilinipokea mlangoni. Ubaoni nilikuta alama kumi na mbili, zimepangwa safi, hata moja haikukosekana. Nikafunua blanketi. Vidole vilikuwa vyeusi, baridi kama vya maiti. Nikabonyeza ukucha, hakikurudi kitu. Niliipasua plasta, ingawa nilijua kwamba ninajihangaisha bure.

Mfagiaji alinieleza huku akilia. Alikwenda kweli, mara tatu kila siku. Alisimama nje ya mlango, mgongo ameupa chumba, akakohoa, akaita: "Shikamoo, mama. Hali?" Naye mkwewe akajibu kutoka ndani: "Marahaba, baba. Njema." Angesema nini zaidi? Mama gani atamsimulia mkwewe habari za mguu wake? Basi mfagiaji akapeleka kwa bwana ile njema aliyopewa, na bwana akatia chaki. Kumbe siku mbili za mwanzo yule mama alikuwa akimwambia binti yake kwamba mguu unamuua kwa maumivu, na wote wawili wakaona mfupa uliovunjika hauna budi kuuma. Siku ya tatu maumivu yakaisha. Wakamshukuru Mungu.

Bwana mganga alirudi kesho yake, akaukata mguu juu ya goti. Mama akapona. Msaidizi akaonyesha ubao: kazi iligawiwa, kazi ilipokelewa, namba tano amedanganya. Namba tano akapelekwa bomani, akachapwa hamsa wa ishirini, viboko ishirini na tano, mbele yetu. Mimi nilisema kwamba nilionya. Nikaambiwa namba mbili hakuwapo. Nilimtazama bwana mganga, mwalimu wangu, nikingoja aulize ni nani aliyempa mtu kazi asiyoweza kuifanya. Aliutazama ubao, akanawa mikono, akaenda kula. Namchukia mpaka leo kwa chakula kile kuliko ninavyomchukia msaidizi wake kwa chaki.

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa hiki kama kisa cha Mdachi na ubao wake, watu wakatikisa vichwa, nami nikaondoka nimeridhika. Lakini kuna kipande nilichokuwa nikikiruka.

Siku ya kumtoa mama yule, binti yake alinijia. Alisema mlimani hapapandiki tena, mama atakaa naye bondeni, Mlali, kwa hiyo anaomba nimfundishe kufunga kidonda. Nilimwonyesha mara moja tu. Ya pili alifunga mwenyewe, vizuri kunishinda mimi. Kisha akaniuliza mume wake alitakiwa kutazama nini hasa.

Nikashika kidole gumba chake, nikabonyeza ukucha. Ukawa mweupe. Nikauachia, wekundu ukarudi. Akajaribu mwenyewe kwenye kidole cha pili, na cha tatu.

"Ni hivi tu?" akauliza.

Nikamwambia ni hivi tu.

"Nilikuwa hapo uani siku zote," akasema. "Ulinipita."