Bega la Kulia

Mama alinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga nilipoanza kula mwenyewe. Simlaumu. Kwetu Bagamoyo mjini mkono ule una kazi yake chooni, na mtoto anayepokea andazi kwa kushoto humwaibisha mamake mbele za watu. Basi nikajifunza. Nikala kwa kulia, nikaandika kwa kulia, hata panga nikalishika kwa kulia na kupasua nazi vibaya maisha yangu yote. Watu wakaniona mzito wa mikono, na mie nikaamini hivyo.

Kwa hiyo mwaka jana nilipokwenda Miono kwenye mafunzo ya mgambo, mtu mzima na ndevu zangu, sikushangaa kuwa wa mwisho katika shabaha. Nilichotaka ni kazi. Kulikuwa na ghala kubwa Mapinga lililokuwa likitafuta mlinzi wa kushika silaha, na mwenye ghala alikwishasema atakuja siku ya kufunga mafunzo, atazame watu wanavyolenga, achague wake palepale. Mama alijua. Tangu duka la vitambaa la marehemu baba lifungwe, yeye ndiye aliyekuwa akinilisha kwa vitumbua vyake. Kila asubuhi nilivimeza kwa shida, kwa haya.

Mkufunzi wetu alikuwa askari mstaafu, mfupi, ulimi kama wembe.

"Wewe unainyonga," aliniambia siku moja nimelala kifudifudi mchangani. "Bunduki imekukosea nini? Tazama kucha zako zilivyokuwa nyeupe. Ukiminya hivyo mkono unatetemeka, mtutu unatetemeka, risasi inakwenda kwa jirani."

Nikalegeza. Kitako cha bunduki kikanipiga bega mpaka nikasema lahaula kwa sauti, na wenzangu wakaangua kicheko.

"Sasa umeiachia kabisa! Ibane begani, pasibaki nafasi. Mkono wa mbele uibebe tu, usiivute. Wa nyuma uishike kwa adabu."

Nikafanya yote hayo, na karatasi ya shabaha ikabaki nzima. Ungeweza kufungia karanga.

Ndipo akaniinua. Akaniambia niunganishe vidole nifanye kitundu, nimtazamie humo, kwa macho yote mawili, mbuzi aliyefungwa kando ya uwanja, kisha nifumbe jicho la kushoto. Nikafumba. Mbuzi akapotea.

"Haya, fumba la kulia."

Mbuzi akarudi, anatafuna.

"Jicho lako la kulengea ni la kushoto," akasema. "Na mkono je? Ukirusha jiwe bila kufikiri, unarusha kwa upi?"

Uso ulipata moto, nikawa kama mtu aliyeulizwa habari za chumbani mbele ya wakwe.

"Nilikatazwa, afande," nikasema.

"Hapa hatuli ubwabwa. Hamisha."

Nikaihamishia bega la kushoto, kidole cha kushoto kwenye kifyatulio. Ganda la risasi likanipita mbele ya pua, nikashtuka, ila mkono wenyewe ulitulia tuli. Risasi zilikwenda katikati ya duara, zimekaribiana hata ungezifunika kwa kiganja. Mkufunzi akaguna tu, na kwake yeye kuguna kulikuwa sherehe. Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Kisha nikaona haya kwa kufurahi kwangu, nikauficha ule mkono mfukoni kama nimeiba kitu.

Siku ya kufunga mafunzo mama alikuja na majirani wawili, shoga zake, kavaa buibui lake la Idi na kabeba hotpoti la pilau. Walikaa nyuma ya kamba, karibu kabisa na pale nilipotakiwa kulala nilenge. Sikutegemea awe karibu vile. Mwenye ghala alikuwa chini ya turubai, mguu juu ya mguu. Mkufunzi alipita akaninong'oneza, "Wewe ndiye wangu leo."

Nikalala. Nikaiweka bunduki bega la kushoto.

"Shoga," nikasikia mmoja wa wale majirani akimuuliza mama, "mwanao mashoto?"

Ningegeuka nikamtazama mama, pengine mambo yangekuwa mengine, lakini sikuthubutu. Mtu mzima mie, nimeshika bunduki iliyojaa, nikaogopa kipande cha kanga! Nikaihamishia kulia. Nikaibana, nikainyonga, kucha zikawa nyeupe tena. Risasi ya kwanza ilirusha mchanga. Zilizofuata sijui zilikwenda wapi, na karatasi yangu haikujua pia.

Mkufunzi alitazama viatu vyake. Mwenye ghala akamwita kijana wa mstari wa pili, akampa mkono, wakaondoka wanazungumza. Nilijifuta mchanga polepole kuliko ilivyohitajika, maana sikuwa na uso wa kwenda nao kwa mama.

Alikuwa amekwishatandika mkeka, anapakua. Nikaketi.

"Nimekuona ulivyobadilisha," akasema bila kuinua macho.

"Samahani, mama."

"Afande wako alinieleza yote tulipofika langoni. Kanambia una mkono, mwanangu, mkono wa ajabu. Ndiyo nikawavuta wenzangu tukakae pale mbele. Nilitaka niuone."

Akajaza sahani. Mbele ya shoga zake wote wawili akainyoosha, si kulia kwangu, bali kushoto.

"Pokea, baba," akasema. "Pokea kwa huohuo."

Wale majirani wakaacha kutafuna. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa pajani, mzima, hauna kazi. Mama alisubiri, sahani imening'inia hewani.

Nikapokea kwa kulia.