Ukilia, Tunaanza Upya

Makokha alikulia kambi ya polisi, Jinja, katika chumba kimoja na baba yake, konstebo aliyemchapa kwa mkanda. Mzee huyo alikuwa na sheria moja: mtoto akilia, kipigo kinaanza upya. Makokha alipoingia shule alikuwa ameshaacha kulia. Majirani wakamsifia nidhamu.

Ukubwani alihamia Mbale, akawa mlinzi wa lango katika kiwanda cha misumari, kazi yake kupekua wafanyakazi wanapotoka. Kibarua wa kwanza kukamatwa naye alikuwa ameficha misumari kwenye soksi. Makokha alimpigisha magoti juu ya kokoto, akamtandika. Yule alipoangua kilio, Makokha alimwambia kwa sauti ya upole, "Ukilia, tunaanza upya."

Wizi ulipungua. Meneja, Lawrence, akampandisha cheo.

Betty, mpishi wa kiwanda, aliona jambo ambalo wengine hawakulijali: Makokha hakupiga kwa hasira. Alipiga ametulia, kama mtu anayefua nguo. Betty alimwendea Lawrence, akamsihi amtoe langoni kabla hajaua mtu, tena amtafutie mshauri wa kuzungumza naye. Lawrence alicheka, akamwambia arudi jikoni.

Basi Betty akamkabili Makokha mwenyewe wakati wa chakula.

"Afande, nani alikufanya hivi?"

Makokha alishika kijiko bila kula. "Mama, mimi sikufanywa kitu," akasema. "Mimi nililelewa."

Hazikupita wiki nyingi, akamkamata Habib, mpakiaji, na misumari ya kujaza kiganja. Habib alilia. Makokha akaanza upya, na upya tena, mpaka kilio kikakatika. Akaridhika kwamba kijana amefunzika, akarudi kwenye kiti chake. Waliokwenda kumwinua Habib walikuta amekwisha kufa.

Siku Makokha alipohukumiwa kwa kifo hicho, baba yake alikuja kutoka Jinja, mzee sasa, akiegemea fimbo. Jaji alipotaja miaka ya kifungo, midomo ya Makokha ilianza kutetemeka. Akamtazama baba yake. Mzee akatikisa kichwa kumkataza, na Makokha akayameza machozi. Askari wakamwondoa.

Kiwandani mlinzi mpya aliajiriwa kabla ya arobaini ya Habib. Lawrence alimuuliza tu kama ana mkono mzito, kisha akamwonyesha lango. Betty alimpakulia posho, ugali wa mahindi, na maharage kama wengine, ila hakumuuliza jina.