Laini Moja ya Simu

Clifford akija kukutengenezea printa, kwanza anachomoa waya wa simu kwenye kompyuta na kuurudisha kwenye simu yenyewe. Hata kama hakuna mtu unayemngoja akupigie. Vijana wa hapa Kapkatet humcheka, wanasema fundi ana wazimu. Wajinga hao. Mimi sicheki, maana nilikuwako.

Mwaka wa tisini na saba tulikuwa naye kwenye kiwanda cha majani chai, yeye karani, mimi mpika chai wa ofisi. Simu ilikuwa na laini moja tu. Kompyuta ilipoletwa, ikawa inatumia laini hiyo hiyo kushika ofisi kuu Nairobi, na ikishashika, simu ya mezani inakufa kabisa. Kuipata Nairobi ilikuwa kazi ya kuombea. Ukiiachilia, unaweza kukaa mpaka jioni hujaipata tena.

Siku hiyo mkewe Beldina alikuwa amelazwa, mimba ya kwanza, uchungu umeanza alfajiri. Clifford alimwachia nesi namba ya ofisi, akaja kazini. Alikuwa bado kibarua, na mtu wa kompyuta alikuwa yeye peke yake. Akaipata Nairobi mara moja, akafurahi sana. Halafu akabonyeza zitoke karatasi za madereva wa lori, za kuwaonyesha watabeba majani wapi. Printa kimya.

"Ni ribon," akasema. Akabadilisha ule utepe wa wino. Kimya. Akachomoa kebo, akaipangusa, akaichomeka, akabonyeza tena na tena. Kimya. Nje madereva wanapiga honi, na ukungu umeshuka mpaka dirishani, ofisi ikawa giza asubuhi hiyo. Mimi macho yangu yalikuwa kwa simu. Niliinua nikasikiliza: imekufa.

"Clifford, kata hiyo Nairobi. Uko na mtu hospitali."

"Bado kidogo, Mama Kimutai. Nikiikata siipati tena leo."

"Na nesi akikutafuta?"

"Mimba ya kwanza huchelewa. Si hata nyinyi akina mama mnasema?"

Weh! Tunasema, ndiyo, lakini tukiwa tumekaa kando ya kitanda. Nilimpelekea chai ikapoa hapo. Nikamwambia tena, nikafoka mpaka mlinzi akachungulia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Saa nane ilipopita, akaacha kuhangaika, akatazama ile skrini kwa muda.

"Ama ikishika Nairobi haioni printa ya hapa?"

Akachomoa waya, akaurudisha kwenye simu, akabonyeza. Printa ikaamka, krr, krr, karatasi ikaanza kutoka. Clifford akapiga makofi, akacheka kama mtoto. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Simu ikalia. Ilikuwa Nairobi, mzee mmoja anagomba: mbona tangu asubuhi mnanitumia karatasi za madereva, mashine yangu imemaliza makaratasi? Kumbe kila Clifford alipobonyeza zilitoka huko. Akaomba msamaha, akaweka simu chini.

Ikalia tena hapo hapo. Nikaichukua mimi.

"Bwana ya Beldina ako hapo?" Ilikuwa sauti ya nesi. "Tumepiga, tumepiga, haishiki."

Nikampa Clifford. Mkono wake ulikuwa na wino wa ribon mpaka kiwiko. Printa sasa imeshika kasi, karatasi zinamwagika sakafuni, kelele imejaza chumba. Akaziba sikio moja.

"Damu? Nani atoe damu? Sikii, nesi, sema tena!" Akanigeukia. "Zima hiyo mashine, Mama Kimutai! Zima!"

Nikazima. Nesi akarudia pole pole, hata mimi nikasikia. Damu ya kumwokoa Beldina waliitaka asubuhi. Sasa walikuwa wanaomba tu aje amchukue mtoto aliyebaki.